Nihamie Sola Kabisa, au Nibaki na Tokeni?

"Mhandisi, habari yako. Tunaishi Kahawa West katika nyumba yetu wenyewe. Chini nina duka la maziwa lenye ATM ya maziwa, friji ya vioo na friza moja. Juu tunakaa sisi, watu wanne. Mita ni mbili, zote za tokeni. Dukani natumia kama shilingi 6,900 kwa mwezi na nyumbani 4,500, na kwa jumla napata kama uniti 380. Mwezi uliopita stima ilipotea usiku kucha, nikamwaga lita 70 za maziwa niliyonunua kwa shilingi 55 kila lita. Sasa kuna kampuni imenipigia hesabu ya shilingi 720,000 kwa paneli nane za wati 550, inveta ya kilowati 5 na betri ya lithiamu ya uniti 5. Muuzaji anasema nitasahau tokeni kabisa, na kwamba mkopo wa sacco, ambao kwetu ni asilimia 12 kwa mwaka kwa salio linalopungua, utajilipa kwa pesa za tokeni. Mume wangu anasema sola haifanyi kazi Julai. Jirani anasema betri hufa baada ya miaka miwili. Shemeji anasema tununue kubwa zaidi ili tuiuzie kampuni ya stima umeme unaobaki. Nimeambatanisha picha ya paa. Nimsikilize nani?"

Dada yangu, pole kwa maziwa. Lita 70 kwa shilingi 55 ni shilingi 3,850 zilizomiminwa mtaroni, na hapo hatujawahesabu wateja waliokuja asubuhi na vibuyu vyao wakarudi navyo vitupu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kabla ya kukuambia nani wa kumsikiliza ningependa uone kwamba una shida mbili ambazo muuzaji amezifunga katika furushi moja. Moja ni gharama, yaani zile shilingi 11,400 zinazokwenda kila mwezi. Nyingine ni kukatika kwa stima. Gharama hupunguzwa na paneli, ilhali kukatika huzuiwa na betri, na anayekuuzia vyote viwili kwa bei moja hakupi nafasi ya kujiuliza ni kipi hasa unachokihitaji na kwa kiasi gani.

Tofauti hiyo si ya maneno tu. Watu wengi hushangaa kusikia kwamba nyumba yenye paneli zilizounganishwa na laini ya kampuni ya stima, lakini isiyo na betri, huzimika pamoja na majirani hata kama ni saa sita mchana na jua linachoma. Si hitilafu. Inveta ya aina hiyo, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, imeundwa ijizime mara inapohisi kwamba laini haina umeme, kwa sababu ikiendelea kusukuma umeme nje, fundi aliyepanda mlingoti akiamini kwamba waya umekufa anaweza kuuawa na umeme unaotoka juu ya paa lako. Inveta ya mseto, ambayo hufanya kazi pamoja na betri, kwanza hujitenga na laini, kisha huendelea kuilisha nyumba. Tena kumbuka kwamba stima hukatika usiku kama inavyokatika mchana. Ule mkatiko mkubwa ulioacha karibu nchi nzima gizani tarehe 25 Agosti 2023 ulianza Ijumaa usiku, na mwenye paneli bila betri alikaa gizani sawasawa na asiye nazo.

Sasa tuangalie namba, tukianza na bei unayolipa leo. Gawanya 11,400 kwa uniti 380 na utapata shilingi 30 kwa kila uniti, kodi na tozo zote zikiwa ndani. Hiyo ndiyo namba ya kutumia katika hesabu zako zote, wala si bei ya msingi inayotangazwa, kwa sababu tokeni unailipia pamoja na tozo zake. Kwa bei hiyo duka linakula uniti 230 kwa mwezi, kama 7.7 kwa siku, na nyumba inakula 150, yaani 5 kwa siku. Jumla ni uniti 12.7 kwa siku.

Paneli nane za wati 550 ni kilowati 4.4, na kilowati moja ikifanya kazi kwa saa nzima ni uniti moja. Maandishi hayo ya wati hupimwa kiwandani chini ya mwanga mkali kabisa huku paneli ikiwa na joto la nyuzi 25, hali ambayo paa la mabati haliioni mara nyingi. Nairobi, iliyo digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta, hupata kwa wastani wa mwaka mwanga unaolingana na saa tano hivi za jua kamili kwa siku. Kilowati 4.4 kwa saa tano ni uniti 22. Ukiondoa kinachopotea katika joto la paneli, vumbi, nyaya na inveta yenyewe, ambacho ni kama sehemu moja ya tano, unabaki na uniti 17 na kidogo. Ukiitazama juu juu utasema 17 ni zaidi ya 12.7, basi muuzaji yuko sahihi. Hapo ndipo wengi hujikwaa, maana umeme wa sola hauji unapoutaka. Karibu wote huja kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi jioni, na usipotumika saa hizo wala kuwekwa kwenye betri, haupatikani tena.

Kuhusu Julai, mume wako ana hoja, ingawa ameikuza. Paneli haihitaji joto, inahitaji mwanga. Kwa kweli baridi huipendeza, kwa sababu kila nyuzi moja ya joto inayozidi 25 huipunguzia kama asilimia 0.4 ya nguvu. Paneli iliyo kwenye paa la moto kule Garissa hupoteza zaidi kwa sababu hiyo kuliko iliyo Kahawa West. Kinachoua uzalishaji wetu ni mawingu, lile blanketi la kijivu linalotufunika kuanzia Juni hadi Agosti. Mfumo unaotoa uniti 17 kwa wastani wa mwaka unaweza kushuka hadi 12 hivi kwa wastani wa Julai, na zipo siku ambazo jua halichungulii kabisa utapata tano au sita tu. Hazitakuwa sifuri, lakini wiki ya mawingu mfululizo utanunua tokeni kama kawaida. Mtu anayekuambia katika jiji hili kwamba utasahau tokeni kabisa, na papo hapo anakuuzia betri ya uniti 5, hajaishi hapa Julai, au ameishi na anakuficha.

Kabla sijagusa pesa, niulize jambo ambalo hukulitaja. Je, juu mna shawa ya umeme, ile inayopasha maji papo hapo? Nyumba nyingi za huku zinayo, kwa hiyo nakisia kwamba mnayo. Shawa hiyo huvuta kama kilowati 5. Watu wanne wakioga dakika nane kila mmoja ni dakika 32, na kilowati 5 kwa dakika 32 ni uniti 2.67 kwa siku, yaani uniti 80 kwa mwezi, shilingi 2,400. Zaidi ya nusu ya tokeni za nyumbani zinaishia kwenye mfereji wa bafuni! Na shawa hiyo ndiyo kitu kisichopatana kabisa na mfumo uliopigiwa hesabu. Mnaoga alfajiri na usiku wakati paneli zimelala. Inveta ya kilowati 5 ikiibeba shawa haitaweza kubeba kitu kingine. Na betri yako ingepoteza nusu ya chakula chake kabla watoto hawajavaa sare. Fundi mwaminifu huiacha shawa, pasi na birika la umeme kwenye laini ya kampuni, na kuitengea inveta taa, friji, televisheni na intaneti. Ukitaka kuipunguza gharama hiyo, tangi la kupasha maji kwa jua ni chombo kingine kabisa, chenye bei yake, na hukamata joto moja kwa moja bila kupitia umeme. Au ogeni dakika nne. Nasema hivyo kwa utani, lakini hesabu yake si utani: ni shilingi 1,200 kwa mwezi bila kununua chochote.

Vivyo hivyo dukani. Kuna bucha mmoja Githurai aliyeniita nimpimie paneli sita za kuendesha friza mbili. Nilipofika nikakuta moja imesukumwa ukutani mpaka mgongo wake hauna pa kupumulia, na ndani barafu imeganda unene wa vidole viwili. Nikatoa noti ya shilingi mia, nikaifungia kwenye mlango, nikaivuta. Ikatoka kama inatoka mfukoni, maana mpira wa mlango ulikuwa umechoka na baridi inavuja mchana na usiku. Tulibadilisha mpira, tukayeyusha barafu, tukaivuta friza mbele kiasi cha kiganja. Kompresa ambayo ilikuwa hainyamazi ikaanza kupumzika. Sola alinunua baadaye, lakini ndogo kuliko aliyokuwa amepangiwa. Jaribu noti hiyo kwenye milango yako kabla hujaongea tena na muuzaji yeyote.

Sasa pesa. Tuseme umenunua mfumo wote wa 720,000 na umeiacha ile shawa kwenye laini. Mchana paneli zinalisha friji na kujaza betri. Usiku betri, ambayo katika uniti 5 zake hukupa kama 4.5 za kutumia, inalisha duka na taa za nyumbani hadi iishe. Siku njema utaepuka kununua uniti 9.5, siku za mawingu chini ya hapo. Kwa wastani wa mwaka mimi ningehesabu uniti 8 kwa siku. Kwa shilingi 30 ni 240 kwa siku, na kwa mwaka 87,600. Gawanya 720,000 kwa 87,600 na utaona kwamba mfumo unajilipa kwa miaka minane na kidogo, kama ungelikuwa na pesa taslimu.

Lakini huna taslimu, una sacco. Asilimia 12 kwa mwaka ni asilimia moja kwa mwezi. Mwezi wa kwanza riba ya 720,000 ni shilingi 7,200. Akiba yako ya mwezi kwa tokeni ni kama 7,300. Tazama namba hizo mbili kwa utulivu: mwezi wa kwanza, karibu kila shilingi ambayo jua limekuokolea inakwenda kulipa riba, na deni lenyewe halijaguswa. Ukipewa miaka mitatu ya kulipa, mwezi huo utatakiwa utoe 20,000 za deni na 7,200 za riba, jumla 27,200, ilhali hata kama tokeni zote zingeisha kabisa ungeokoa 11,400 tu. Kwa hiyo ile kauli kwamba mkopo utajilipa kwa pesa za tokeni si kweli kwa ukubwa huu wa mfumo. Tofauti itatoka kwenye faida ya maziwa, na muuzaji wa sola hana haki ya kukuamulia hilo kwa niaba yako.

Hapo ungeweza kuniambia: basi niache. La, sijafika huko, kwa sababu hatujayahesabu maziwa. Kama kila mwezi unamwaga kiasi ulichomwaga mwezi uliopita, hasara ni 46,200 kwa mwaka, na hiyo ni zaidi ya nusu ya akiba yote ya tokeni. Mfumo unaoyaokoa maziwa una thamani hata kama bili haishuki sana. Swali linakuwa: ni kitu gani kidogo kabisa kinachoweza kuyalinda maziwa?

Nikijibu swali hilo ningekutengea mfumo wa duka peke yake, uliofungwa kwenye mita ya duka: paneli nne badala ya nane, inveta ya mseto ya kilowati 3, na betri ileile ya lithiamu ya uniti 5. Paneli nne zitakupa uniti 8.6 hivi kwa siku ya wastani, na duka linakula 7.7. Hata hivyo usiifanye betri iishe kila usiku, maana hapa zile shida mbili nilizotaja mwanzoni zinagombana. Betri haiwezi kumalizwa kila usiku ili kupunguza tokeni na wakati huohuo iwe imejaa stima ikipotea saa tisa usiku. Lazima uchague, na inveta za kisasa hukuruhusu kuchagua: unaiamuru isishuke chini ya nusu ila tu laini ikikatika. Nusu moja inafanya kazi ya kila siku, nusu nyingine inakaa kama askari wa zamu. Duka lako usiku huenda likavuta kama kilowati 0.3 kwa wastani, kwa hiyo ile nusu ya akiba, uniti 2.25 hivi, italinda ubaridi kwa saa saba au nane. Maziwa yaliyo kwenye nyuzi 4 ndani ya tangi la ATM lenye kuta nene, lisilofunguliwa, yanaongeza saa zake mwenyewe juu ya hizo. Hivyo unavuka usiku.

Akiba ya tokeni kwa mpango huo itakuwa kama uniti 6 kwa siku, shilingi 65,700 kwa mwaka. Iwapo bei itakuja shilingi laki nne, na kama kweli humwagi tena maziwa ya kila mwezi, jumla ya faida ni 111,900 kwa mwaka, na mfumo unajilipa kwa miaka mitatu na nusu hivi kabla ya riba. Kama maziwa huharibika mara nne tu kwa mwaka, faida ni 81,100 na muda unarefuka hadi miaka mitano. Wewe ndiye unayejua ni mara ngapi. Fungua daftari lako la mwaka uliopita uhesabu, usitumie kumbukumbu, kwa sababu hasara ya juzi huonekana kubwa kuliko zote. Na kama utakuta ni mara moja kwa mwaka, nitakuambia bila kuona haya kwamba jenereta ndogo ya petroli inakutosha. Lita moja ndani yake hutoa uniti mbili au mbili na kidogo, kwa hiyo umeme wake ni ghali sana wa kutumia kila siku, lakini kwa usiku mmoja wa dharura ni nafuu kuliko deni la miaka mitatu. Iwashie nje, kamwe si ndani ya duka, kwa sababu moshi wake huua kimyakimya.

Jirani yako anayesema betri hufa baada ya miaka miwili hakudanganyi. Anakusimulia betri za aina nyingine. Zile za risasi na asidi, ambazo wengi wetu tulianza nazo, huharibika haraka zikishushwa chini ya nusu mara kwa mara. Zangu za kwanza, nne, ziliniishia kwa miezi kumi na minane, na aliyeziua ni mimi mwenyewe: kila usiku tulitazama televisheni mpaka inveta ilie, na nilidhani huko ndiko kuzitumia vizuri. Betri ya lithiamu ya aina inayouzwa kwa matumizi ya nyumbani huvumilia kushushwa hadi sehemu ya mwisho, na watengenezaji huahidi maelfu ya mizunguko ya kujazwa na kutumiwa. Mzunguko mmoja kwa siku ni 365 kwa mwaka, kwa hiyo miaka kumi si ndoto. Ila ahadi hiyo ina thamani tu kama dhamana imeandikwa, ina namba ya betri yenyewe, na kuna mtu hapa Nairobi atakayeipokea ikirudi. Betri isiyo na jina iliyofungwa na gundi kwenye kibanda cha Luthuli, ule mtaa wa vifaa vya umeme, inaweza kuwa na seli zilizokwisha kutumika kwingine, na kwa macho huwezi kujua.

Shemeji naye nisimvunje moyo sana. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 inautambua mpango wa kupeleka umeme wa ziada kwenye laini, na kanuni zake zilitolewa mwaka 2024. Lakini si kuuza. Hulipwi pesa taslimu. Unapewa salio la uniti, na kila uniti unayotoa hukurudia kama nusu tu. Unahitaji pia mkataba na kampuni ya umeme na mita inayosoma pande zote mbili, ambayo si ile ya tokeni uliyonayo. Kwa hiyo kununua paneli za ziada makusudi ili uzipeleke nje ni sawa na kukamua lita mbili umpe jirani kwa ahadi ya kurudishiwa moja. Mpango huo unamfaa mwenye kiwanda au shule inayofungwa wikendi, ambaye ziada anayo apende asipende.

Nilisema mfumo ufungwe kwenye mita ya duka pekee, na naomba hili ulishike sana. Hesabu uliyopewa imejumlisha matumizi ya mita mbili kana kwamba ni moja. Fundi mwenye haraka anaweza kuziunganisha nyaya za juu na za chini kwenye inveta moja, na siku ya hatari mtu akizima swichi kuu ya duka atakuta nyaya bado zina moto kutoka nyumbani. Mita mbili ni njia mbili za umeme, na hazipaswi kukutana ndani ya nyumba. Muulize muuzaji inveta yake itakaa upande gani. Akisitasita, umepata jibu.

Kuhusu paa, katika picha naona tangi jeusi la maji juu ya kichanja upande wa magharibi. Kuanzia saa tisa alasiri kivuli chake kitalala hasa pale muuzaji alipochora paneli mbili za mwisho. Paneli zilizounganishwa kwa mfululizo mmoja ni kama watu wanaopokezana ndoo: mmoja akizubaa, maji ya wote yanachelewa. Paneli za siku hizi zina njia za kuipita sehemu iliyofunikwa, lakini hasara inabaki. Ukinunua nne badala ya nane, shida hiyo inaisha yenyewe, kwa kuwa utaziweka zote upande wa mashariki wa paa. Zipewe mwinamo wa nyuzi kumi hivi, si kwa ajili ya jua, ambalo hapa hupita karibu utosini, bali ili mvua izioshe. Kila paneli ina uzito wa kilo 28 hivi, kwa hiyo kabla ya chuma chochote kufungwa mtu apande ndani ya dari aangalie mbao kama mchwa hawajazila. Jambo hilo mimi siwezi kulijua kwa picha, wala muuzaji aliyepiga hesabu kwa simu.

Huo ndio mpaka wa barua. Yanayobaki yanahitaji mtu afike. Mfumo wenye inveta ya mseto iliyounganishwa na laini ya kampuni unatakiwa ufungwe na fundi mwenye leseni ya daraja la T3 kutoka EPRA, mamlaka inayosimamia nishati, na una haki ya kuomba kuiona leseni yenyewe kabla ya kutoa hata senti ya amana. Afike na mita ya kubana waya apime kompresa ya ATM ya maziwa inapowaka, kwa sababu kompresa inayotembea kwa wati 700 inaweza kuvuta mara tatu hadi tano ya hapo kwa kufumba na kufumbua, na inveta isiyohimili kishindo hicho itazima duka zima. Aukague pia waya wa kwenda ardhini, na akuonyeshe mahali ambapo swichi ya kukata umeme wa paneli itakaa. Umeme wa paneli ukikatika vibaya hutoa cheche zisizozimika kirahisi, na moto mwingi wa sola huanzia kwenye viungo vilivyobanwa ovyo. Kama tayari una soketi zinazopata moto au breka inayoruka bila sababu, mwite fundi umeme leo, sola au hakuna sola.

Wakati unamtafuta, fanya kazi moja ambayo haigharimu kitu. Kwa siku saba, soma salio la uniti kwenye mita ya duka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na saa kumi na mbili na nusu jioni, uliandike, na ukiingiza tokeni uandike pia. Tofauti ya jioni hadi asubuhi ndiyo inayoamua ukubwa wa betri. Ile ya asubuhi hadi jioni ndiyo inayoamua idadi ya paneli. Mimi nimekisia kwa kugawanya uniti 7.7 kwa saa za siku, lakini mita yako haikisii. Nitumie karatasi hiyo pamoja na picha ya kile kibati kilicho nyuma ya friji ya ATM, panapoandikwa volti na ampea, nikuambie kama inveta ya kilowati 3 itatosha au tuipandishe.